Wagonjwa wa Saa Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Daftari hili lilikuwa liwe la miadi ya wagonjwa, lakini msaidizi wangu amelikataa. Anasema mistari yake imebanana na yeye huandika herufi za kusomeka kutoka mlangoni. Nimelichukua mimi. Mke wangu anasema mwanamume wa miaka hamsini na sita akianza kuandika shajara, ama amefanya jambo ama yuko mbioni kulifanya. Nimemwambia mimi nang'oa meno tu.

Wagonjwa kumi na mmoja leo. Wanne wameingia na matope, na wote wanne wamesemwa.

Jumatano, 6 Machi

Aliyewasema ni huyo huyo msaidizi, Bi Kimya. Jina hilo alipewa na wagonjwa kwa utani, maana tangu afungue dirisha asubuhi mpaka afunge jioni hanyamazi. Nina miaka kumi na mmoja naye. Ndiye anayepokea watu, anayeshika mrija wa kunyonya mate, anayeosha vyombo, na ndiye anayewashika mkono watu wazima wanaolia. Mimi hung'oa jino. Yeye humng'oa mtu hofu. Ila usimwambie, atataka tuandike kwenye kibao cha nje.

Leo kaja mama fundi cherehani. Kadi yake ina nukta nyekundu kwenye pembe, kwa hiyo aliingia saa kumi. Huo ni utaratibu wangu na nauonea fahari: mgonjwa akiniambia ana virusi vya aina yoyote katika damu, natia nukta kwa kalamu nyekundu, na zamu yake inakuwa ya mwisho. Glavu mbili mbili, nailoni juu ya kiti, kisha kila kitu kinaingia kwenye mashine ya mvuke. Nina kadi kumi na nne za namna hiyo. Wengine wote ni wa mchana, na mchana kazi ni ya haraka: vyombo vinazamishwa kwenye dawa, vinasuuzwa, twende. Miaka ishirini na minane na sijapata kuugua.

Jumatatu, 11 Machi

Chama cha madaktari wa meno kimeleta bahasha. Maswali ishirini: daktari wa meno anajua nini kuhusu virusi vinavyoambukizwa kwa damu? Usiandike jina, rudisha kabla ya mwisho wa Aprili. Nimeiweka chini ya simu. Kesho watatuuliza meno ya mtu mzima ni mangapi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Wagonjwa watatu. Bi Kimya amenikumbusha tena kwamba glavu nene za kuoshea vyombo zilichanika tangu Januari. Nimesema nitanunua.

Alhamisi, 14 Machi

Leo alikuja Mwalimu, yule mwalimu mkuu mstaafu, jirani yangu, aliyewafundisha watoto wangu wote watatu kusoma. Gego la chini lilimsumbua. Nilimpiga ganzi, nikaling'oa, na muda wote tulikuwa tukicheka, yeye kwa mdomo uliokufa nusu, habari za wanawe na wangu. Kwa kawaida baada ya ganzi huirudishia sindano kifuniko chake, mkono huu na mkono huu, kama nilivyofundishwa ujanani. Leo nilikuwa katikati ya kicheko. Sindano niliilaza kwenye sinia, nikaifunika kwa pamba zenye damu bila kuiona.

Saa sita na robo nilimsikia Bi Kimya kule kwenye karai akisema "Mh!" Nilimkuta amekishika kidole cha shahada. Glavu zake zilikuwa zile nyepesi za kawaida, na damu ilikuwa imejaa ndani yake hadi kwenye kucha.

"Imeingia?" nikamuuliza.

"Imeingia mpaka ndani, Dokta. Ilikuwa chini ya pamba."

"Ya nani?"

"Sinia ni la Mwalimu."

Nikashusha pumzi. Hakika nilishusha pumzi, nakumbuka. Nikamwambia, "Basi usiwe na wasiwasi. Mwalimu namjua, ni msafi. Ikamue damu itoke, paka spiriti, tuendelee." Nikamkamua mwenyewe. Alikunja uso kwa spiriti, kisha akasema siku nyingine nikitaka kumchoma nimpe taarifa avae vizuri. Tukacheka. Akafunga plasta, tukaendelea na wagonjwa watano.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua kutwa. Hakuna jipya.

Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu alikuja asubuhi kutusalimia. Yeye yuko maabara ya hospitali kuu, damu za watu ndiyo kazi yake. Nikataka kumtania, nikatoa ile karatasi ya chama niliyoibeba nyumbani, nikajaza maswali yote ishirini mbele yake kwa dakika kumi huku nakunywa chai. Nikamwambia, "Sahihisha, lakini usinionee wivu."

Akasahihisha. Mwanzoni alikuwa akicheka. Baadaye akaacha.

Nimepata manane kati ya ishirini.

Sikujua kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai siku saba kwenye damu iliyokauka juu ya meza. Sikujua kwamba kwa kuchomwa na sindano virusi hivyo huambukiza kwa wepesi mara nyingi zaidi kuliko vya UKIMWI. Niliandika kwamba aina ya C haina tiba. Kumbe siku hizi ni vidonge vya miezi mitatu. Niliandika kwamba homa ya ini B huambukizwa kwa kula sahani moja. Mdogo wangu akauliza, "Kaka, na watu hao unawatibu?"

Swali la kumi na sita: mfanyakazi amechomwa na sindano iliyotumika, utafanya nini? Nilikuwa nimeandika kwa herufi nzuri kabisa: kukamua damu, kupaka spiriti.

"Hili nani kakufundisha?" akasema. "Hukamui. Hupaki spiriti. Unaosha kwa maji mengi na sabuni, halafu unakimbia hospitali saa ile ile. Mwenye sindano anaombwa apimwe, yeyote awaye. Dawa za kuzuia UKIMWI zina saa sabini na mbili, zikipita umechelewa. Ya ini ina kinga yake, na kila siku inayopita inaipunguzia nguvu."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika chache. Alhamisi saa sita na robo, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nilihesabu mara mbili kwa vidole chini ya meza. Zilikuwa zimebaki saa mbili.

Naandika hapa ukweli kwa sababu sijamwambia mtu. Simu ilikuwa mezani, mkono wangu na simu havikuachana hata shibiri moja. Nilisema moyoni: Mwalimu ni msafi, namjua. Nilisema: nikimpigia simu nitamtia Bi Kimya kiwewe cha bure siku ya mapumziko. Nilisema pia, na hili ndilo lililonikalisha, kwamba mdogo wangu atasikia, na atajua kwamba swali la kumi na sita halikuwa swali. Nikammiminia chai nyingine. Saa sita na robo ilipofika alikuwa akinisimulia habari za paa lake linalovuja. Mimi sikusikia neno.

Naona haya. Mtu mzima, daktari, naona haya na bado sikuinua simu.

Jumatatu, 18 Machi

Sikulala. Asubuhi Bi Kimya alifungua dirisha, akawasema wenye matope, akaimba. Plasta ilikuwa imeshatoka kidoleni. Pamebaki kitone kidogo. Nimefanya kazi hadi saa sita nikikitazama kitone hicho kuliko meno ya watu. Kisha nikachukua mwavuli nikaenda kwa Mwalimu.

Alikuwa barazani akisahihisha kitabu cha mjukuu. Nikamweleza kisa chote cha sindano. Nikamwomba, kama ndugu, akubali kupimwa, kwa utaratibu tu, maana sote tunajua hana kitu.

Akafunga kitabu. Kisha akasema, "Hakuna haja ya kupima ili ujue. Nina homa ya ini, ile ya B. Mwaka wa tisa huu."

Nikasema kwa hasira ambayo hata sijui niliitoa wapi, "Mwalimu! Mtu mwenye akili zako! Hujui kwamba mficha maradhi kilio humuumbua?"

"Najua," akasema. "Na mtangaza maradhi je? Yeye umemweka benchi la nje mpaka saa kumi. Mara ya kwanza kuja kwako nilimkuta pale yule mama fundi. Nilikuwa na la kukuambia siku ile, nilikuwa nimelipanga kabisa. Nikasikia watu wawili kwenye foleni wakinong'onezana, huyo ni wa saa kumi, msikae karibu. Nimesimamia shule miaka thelathini, rafiki yangu. Sikuweza kukaa benchi lile."

Yeye ndiye aliyeinuka kwanza, akavaa koti la mvua, akasema twende, kama damu yake inahitajika ichukuliwe leo leo. Machozi yalikuwa yakimlenga. "Huyo binti alinishika mkono ukinipiga sindano," akasema.

Nilimkuta Bi Kimya akifuta kiti. Nilimwambia akae; akasema tangu lini msaidizi akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Nikamwambia akae. Nikamweleza yote, la Mwalimu na la karatasi.

"Alhamisi ulikuwa unajua?" akauliza.

"Alhamisi sikujua."

"Jana?"

Ningeweza kusema sikujua. Hakuna aliyeniona nikihesabu kwa vidole.

"Jana saa nne nilijua."

Akavua aproni. Akaikunja mara mbili, mara nne, ikawa ndogo kama leso. "Nina watoto watatu, Dokta. Yule mdogo bado anakula sahani moja na mimi."

"Sahani haina neno," nikasema haraka. "Wala kumkumbatia. Wembe na mswaki ndivyo vya kutenga." Ni jambo pekee nililokuwa na hakika nalo, na nilikuwa na hakika nalo tangu jana tu.

"Chanjo ya ugonjwa huo ipo?"

"Ipo. Sindano tatu."

"Wewe ulichanjwa?"

"Nilichanjwa chuoni."

"Na mimi, miaka kumi na mmoja, uliniuliza hata siku moja?"

Tulifunga kliniki mchana kweupe. Nilimpigia mdogo wangu mbele yake na kumwambia yote, na yeye kwa mara ya kwanza maishani hakunigombeza. Alisema tu, "Mlete sasa hivi." Barabara ya darajani ilikuwa imejaa maji, tulizunguka saa mbili, Mwalimu mbele, Bi Kimya nyuma karibu na dirisha. Hakuna aliyeongea ndani ya gari lile, hata yeye.

Jumanne, 19 Machi

Damu ya Mwalimu: UKIMWI hana, aina ya C hana. B anayo, kama alivyosema. Bi Kimya yeye hana kinga yoyote. Jana hiyo hiyo alianza chanjo, na leo wameipata kutoka hospitali nyingine ile kinga iliyo tayari, isiyongoja mwili uitengeneze, sindano nene ya paja. Siku ya tano. Mdogo wangu anasema bado inafaa. Nilipombana akasema, "Ingekuwa Alhamisi ile ile ningelala usingizi." Atapimwa baada ya miezi mitatu, kisha sita.

Jumatano, 20 Machi

Bi Kimya hakuja. Ametuma ujumbe: wiki mbili.

Jumatatu, 25 Machi

Naosha vyombo mwenyewe. Sikupata kujua kwamba kwenye karai la maji ya povu huoni kitu. Unapapasa tu, kama mtu anayetafuta samaki kwa mkono. Kila kitu nilichokitupa kwenye sinia kwa miaka yote hiyo kina ncha. Nimenunua glavu nene, jozi tatu. Ilinichukua dakika kumi na tano kwenda na kurudi.

Ijumaa, 29 Machi

Nimeituma karatasi ya chama. Nilitamani kufuta na kujaza upya, majibu yote sasa ninayo. Nimeituma ilivyo, na manane yangu. Pale chini palipoandikwa maoni nimeandika kisa cha sindano, ukurasa mzima, pamoja na zile saa mbili.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 8 Aprili

Amerudi, siku tano baada ya zile wiki mbili. "Shikamoo, Dokta," akasema. "Marahaba," nikasema. Akafungua dirisha, akazitazama glavu nene, akazijaribu. Mgonjwa mmoja aliingia na matope hadi magotini. Bi Kimya alimpita akachukua fagio. Mgonjwa yule aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba.

Jumanne, 16 Aprili

Nimekataza vyombo vya kuzamishwa. Kila mgonjwa vyombo vyake, kila chombo kwenye mashine ya mvuke, mchana na jioni. Tunawahi kuhudumia wagonjwa saba tu kwa siku, wakati mwingine sita, na foleni inanung'unika. Sindano hairudishiwi kifuniko kwa mikono miwili. Kifuniko kinalala kwenye sinia, sindano inakifuata kwa mkono mmoja, halafu ndani ya boksi. Nimefanya mazoezi nyumbani mezani. Mke wangu kaniona nikivizia kifuniko na sindano tupu, akasema sasa anaelewa kwa nini naandika shajara.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimezinakili zile kadi kumi na nne upya, bila nukta. Ugonjwa umeandikwa ndani, pale panapoandikwa kisukari na presha. Kisha nikampigia mama fundi cherehani kumwambia jino lake tutaliziba Alhamisi saa tatu asubuhi.

Akauliza, "Dokta, kwani nimepona?"

Nikamwambia hapana, ila nimebadili utaratibu. Akasema, "Miaka sita nimekaa hapo nje nasikia mashine yako ikiwalilia wenzangu. Nilidhani ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyotaka." Nikamwomba radhi. Alisema atakuja, ila nisimwambie mtu, asije yeye akaonekana anapendelewa.

Alhamisi, 25 Aprili

Mama fundi alikuja saa tatu. Bi Kimya alimkaribisha kwa jina lake, akamshika mkono.

Jumatano, 8 Mei

Mvua ya mwezi huu haina radi, inanyesha tu. Bi Kimya anaongea na wagonjwa, tena sana. Na mimi ni "ndiyo, Dokta", "hapana, Dokta", "sinia liko tayari, Dokta". Sikujua kwamba yale maneno yake niliyokuwa nikiyalalamikia kwa mke wangu ndiyo yaliyokuwa yakiibeba siku yangu. Ninayakosa, na sina haki ya kuyadai.

Ijumaa, 17 Mei

Leo alichoka mapema, akakaa kwenye ngazi ya nyuma. Niliyatazama macho yake nione kama yamegeuka manjano. Akaniona ninavyotazama. "Nimefua jana kutwa," akasema. "Watu huchoka pia."

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya nne bila mvua. Mwalimu alikuja kukaguliwa fizi, saa tano, katikati ya watu. Alimsalimia Bi Kimya, naye akamwitikia vizuri, akamuuliza habari za mjukuu. Mwalimu amesamehewa. Nimefurahi kwa ajili yake, na nimeona wivu, mzee mzima.

Jumatano, 12 Juni

Bi Kimya ametolewa damu leo. Majibu Ijumaa. Nilimpigia mdogo wangu kumwomba aniambie yakitoka, hata kwa ishara. Akasema, "Kaka, ukiniuliza tena nakata simu." Nikauliza tena. Akakata.

Ijumaa, 14 Juni

Aliomba ruhusa ya asubuhi. Niliwahudumia wawili, sikumbuki nyuso zao. Saa tano aliingia, akatundika mkoba, akanawa mikono kama anavyonawa kila siku, mpaka kwenye viwiko. Chumba cha kungojea kilikuwa kitupu. Nilisimama karibu na kiti nikiwa nimeshika kioo kidogo cha mdomo, nikakigeuza na kukigeuza.

"Majibu nimeyapata," akasema.

"Enhe?"

"Sitakuambia."

Nilidhani anatania. Nikaangalia uso wake, hakuwa anatania, wala hakuwa amekasirika.

"Bi Kimya, mimi nina..." Nikatafuta neno. Nina haki? Nina wajibu? "Nina miezi mitatu sijalala vizuri."

"Najua. Na mimi pia." Akakausha mikono kidole kimoja kimoja. "Hasira ilikwisha mwezi wa tano, Dokta, niliichoka. Hili si la hasira. Siku ile hukuniambia 'kuna hatari' wala 'hakuna hatari'. Uliniambia Mwalimu ni msafi. Uliniponza kwa kujua kwako. Sasa nataka nikuone unavyofanya kazi na mtu ambaye hujui ana nini."

"Na ikiwa..."

"Ikiwa ninayo, nimeshaambiwa la kufanya. Ikiwa sina, nimeshaambiwa pia. Nyumbani wanajua, wote wamechanjwa. Waliopaswa kujua wanajua."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote. Kwa nini mimi? Ili nimtie wapi, saa ngapi, na glavu ngapi?

Akavua viatu, akapanda kwenye kiti, akalala. "Gego la juu, kushoto, wiki ya pili hii," akasema. "Nadhani ni la kung'oa. Vaa."

Mkono wangu ulikwenda kwenye boksi la glavu, ukatoa jozi ya kwanza. Nikavaa. Kisha mkono, peke yake, bila kuniuliza, ukarudi kuchukua ya pili. Uliganda hapo. Alikuwa akiniangalia kutoka kwenye kiti, taa ikimpiga usoni. Nikaurudisha mkono.

Nikavuta taa karibu. Gego lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi, kazi ya nusu saa. Nilimpiga ganzi, nikakiacha kifuniko kilale kwenye sinia, sindano ikakifuata kwa mkono mmoja, ikaenda kwenye boksi. Hakuwepo wa kumshika mkono, kwa hiyo tulipokuwa tukingoja ganzi ishike nilibadili glavu nikamshika mimi. Vidole vyake vilikuwa baridi. Jino lilitoka kwa shida, vipande vitatu, na damu ikaja nyingi, nyekundu, kama ya mtu yeyote aliyewahi kulala pale. Nilibana pamba, nikamwambia aume.